Ukishavuka Kibarani, Utakula Nini?

Na Daktari Wetu

Msafiri anayetoka kisiwani Mombasa kwenda bara kwa barabara hana njia nyingi za kuchagua. Akiondoka Mwembe Tayari atapita Makupa, atavuka daraja, na kabla hajafika Changamwe atakuwa amepita Kibarani. Kwa miaka mingi pahali hapo palijulikana kwa harufu. Jaa la taka la mji mzima lilikuwa pale ukingoni mwa maji, na abiria walifunga madirisha ya basi na kuziba pua kwa leso. Hakuna aliyethubutu kufungua kifurushi cha chakula. Jaa lilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2010, pakapandwa miti na nyasi, na daraja jipya la Makupa likafunguliwa mwaka 2022. Siku hizi basi likifika Kibarani ndipo mifuko huanza kufunguliwa: viazi karai, bajia, kachri za muhogo, achari ya maembe, na soda ya nusu lita. Hapo ndipo somo letu la wiki hii linapoanzia.

Wagonjwa wengi wa presha na wa kisukari ninaowaona wanajua vizuri wapaswavyo kula. Nyumbani wamepunguza chumvi, chai wanainywa bila sukari, na wali wanapima. Lakini ukiwauliza walikula nini walipokwenda Nairobi, wanacheka. Safari, kwao, haihesabiwi. Ni kama kwamba mtu akishapanda basi maradhi yake huyaacha stesheni yakimngojea arudi.

Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka, jambo hili halina uzito mkubwa. Mlo mmoja mbaya haumuui mtu, na mimi si katika madaktari wanaomkataza bibi arusi keki. Lakini tazama ni nani wanaosafiri hapa petu. Yuko mfanyabiashara anayekwenda Nairobi au Kampala kila wiki mbili kuchukua bidhaa. Wako wazee wenye watoto walioajiriwa bara. Wako wanaokwenda mazishini, wanaokwenda hospitali za rufaa, wanafunzi wa vyuo. Na wako madereva wa malori na utingo wao, ambao barabara ndiyo nyumba. Kwa watu hawa chakula cha safari ni chakula cha kawaida, na athari yake hujumlishwa siku baada ya siku. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua.

SAA KUMI NDANI YA BASI

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Basi huchukua saa nane mpaka kumi, na pakitokea ajali au msongamano wa malori huko Mariakani, hapana mtu awezaye kukwambia utafika saa ngapi. Treni inayoondoka Miritini ni ya haraka zaidi, lakini mambo nitakayoyasema yanamhusu hata msafiri wa treni.

Tuhesabu pamoja. Soda ya mililita 300 ina sukari ya kiasi cha vijiko vya chai vinane. Ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50, yaani vijiko 12 au 13. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anazopata mtu kwa chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu hiyo ni kama vijiko sita. Kwa hivyo abiria aliyemaliza chupa yake ya nusu lita kabla ya kufika Mazeras amekwisha kunywa sukari ya siku mbili, na safari bado ni mbichi.

Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu tano kwa siku, ambacho ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate, ya samaki, ya kachri. Achari, njugu za chumvi, soseji na viazi vya pakiti ni vyakula ambavyo mtu anaweza kuvitafuna saa mbili bila kujua amekula nini. Mkono unaingia mfukoni, macho yako dirishani. Mimi naamini uchovu wa kukaa ndio unaotulisha safarini, zaidi ya njaa.

Halafu kuna saa zenyewe. Mabasi ya usiku husimama Mtito Andei, karibu nusu ya njia, na mara nyingi ni katikati ya usiku. Taa zinawashwa, kondakta anatangaza dakika ishirini, na watu wanateremka wakiwa na usingizi na kununua chipsi na kuku. Mwili wa binadamu una saa yake. Usiku wa manane hauishughulikii sukari vizuri kama unavyoishughulikia asubuhi, hata kwa mtu mzima wa afya. Na anayekula chakula cha mafuta kisha akarudi kuegemea kiti, tindikali ya tumbo humpanda kifuani, na hufika Nairobi akidhani ana ugonjwa wa moyo. Ikiwa huna kisukari na ulikula saa moja jioni, huna haja ya mlo kamili Mtito Andei. Teremka unyooshe miguu, uende haja, unywe maji au chai, na kama tumbo linakudai, ule ndizi moja au yai la kuchemsha.

Kunyoosha miguu si jambo la kupuuza. Kukaa kitini saa nne au zaidi bila kutembea huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, kwa mujibu wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2007. Kwa mtu mmoja hatari yenyewe bado ni ndogo, lakini ni kubwa zaidi kwa wajawazito, watu wanene na waliofanyiwa upasuaji karibuni.

DAWA IMEMEZWA, CHAKULA HAKIJAFIKA

Hili ndilo jambo lililonifanya niandike makala haya, na wenye kisukari naomba walisome mara mbili.

Mgonjwa wangu mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu kutoka Mji wa Kale, alisafiri kwenda arusi ya mjukuu. Anatumia tembe za aina ya glibenklamaidi, ambazo hulisukuma kongosho litoe insulini. Alimeza tembe yake jioni kabla ya kupanda basi, kama alivyozoea kuimeza kabla ya chakula cha usiku, akiwa na nia ya kula njiani. Mbele ya Mariakani lori likawa limepinduka na njia imefungwa. Basi likasimama. Saa mbili zikapita, tatu, nne. Dawa haikujua kwamba kuna ajali. Iliendelea na kazi yake ya kushusha sukari, na tumboni hamna kitu.

Mzee akaanza kutoka jasho la baridi, mikono ikatetemeka, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kumkemea jirani yake. Abiria mmoja akasema amelewa. Mwingine akasema ana shetani, asomewe. Aliyemwokoa ni mama aliyekaa ng'ambo ya pili, ambaye mamake mwenyewe ana kisukari. Alimwuliza kama anaweza kumeza, akamshika kichwa na kumnywesha soda kidogo kidogo. Baada ya robo saa mzee akauliza, "Tumefika wapi?" Kisa hiki alinisimulia mwenyewe akicheka. Ni kicheko cha aliyepona.

Dalili za sukari kushuka ni njaa ya ghafula, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuumwa na kichwa, hasira bila sababu, kuchanganyikiwa, na mwisho kuzimia. Kwenye kipimo, sukari iliyo chini ya 4 tayari ni ya hatari. Tiba yake ni sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida au maji ya matunda. Soda ile isiyo na sukari haisaidii kitu hapa. Ngoja dakika kumi na tano, na ikiwa dalili bado zipo, rudia. Akipata nafuu mpe chakula kizima, mkate au ndizi na maziwa, maana sukari ya soda huisha upesi na dawa kama glibenklamaidi hukaa mwilini saa nyingi. Anaweza kushuka tena. Lakini mtu aliyezimia usimtie chochote kinywani. Kitamwingia mapafuni. Huyo ni wa kupelekwa hospitali iliyo karibu, hata kama basi litachelewa.

Kwa hivyo, mwenye kutumia tembe za aina hii au insulini asipande gari bila chakula mkononi. Si chakula kilicho kwenye begi lililofungiwa chini ya basi, bali mkononi, pamoja na sukari ya kupimwa kwenye karatasi au pakiti ndogo ya juisi. Dawa na mlo viende pamoja: huoni chakula, humezi. Kuhusu kuimeza mapema au kuichelewesha siku ya safari, zungumza na daktari wako kabla ya kukata tikiti. Wanaotumia metifomini peke yake hatari yao ya kushuka sukari ni ndogo. Mwambie jirani yako wa kiti kwamba una kisukari. Najua watu wetu hawapendi kujitangaza, lakini jirani asiyejua atakuacha ulale.

Insulini nayo inaogopa joto. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya friji kiasi cha wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na ndani ya gari lililoachwa juani joto huvuka hapo kwa urahisi. Usiiweke juu ya dashibodi wala kwenye begi la chini. Ifunge kwa kitambaa, uitie kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyopozwa kwa maji baridi na kumwagwa. Usiigusishe barafu moja kwa moja. Insulini iliyoganda haifai tena.

Na katika mwezi wa Ramadhani? Ruhusa ya msafiri na ya mgonjwa kula ni jambo la kumwuliza sheikh wako. Upande wangu ni huu: mgonjwa anayetumia insulini, anayefunga na kusafiri siku hiyo hiyo, anajiwekea hatari mbili kwa wakati mmoja.

"DAKTARI, ILE YA MKOJO NAIACHA"

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, hasa kwa akina mama. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Basi halina choo, kondakta ni mkali, na mama wa heshima hawezi kuteremka kichakani. Anachofanya ni kuacha dawa siku ya kwenda, na siku ya kurudi, na maji pia hanywi tangu asubuhi. Akikaa bara siku nne, mara nyingine husahau kuianza tena.

Simlaumu. Vyoo vya njiani vingi havitamaniki, na wenye mabasi wangeweza kulitazama jambo hili. Lakini kuacha dawa na kujinyima maji ukila achari na kachri ni njia ya kufika na presha imepanda, kichwa kinauma na miguu imevimba. Mkojo uliobanwa saa nyingi huleta maradhi ya njia ya mkojo, na wenye kuelekea kupata mawe ya figo huumia zaidi. Tembe nyingi za aina hii hufanya kazi yake kubwa katika saa za mwanzo baada ya kumezwa. Anayesafiri usiku aimeze asubuhi yake, ili jioni awe amekwisha kwenda haja. Anayesafiri asubuhi amwulize daktari kama anaweza kuimeza akishafika. Maji nayo yanywe mafunda machache kila nusu saa badala ya chupa nzima kwa mara moja. Madafu ni mazuri kwa walio wengi, ila mwenye ugonjwa wa figo ayaogope, kwa kuwa yana potasiamu nyingi.

KIKAPU KUTOKA NYUMBANI

Wazee wetu hawakusafiri mikono mitupu. Walifunga masurufu, na naona tuirudie ada hiyo. Lakini si kila chakula kizuri cha Mombasa kinafaa safari.

Kwanza, chakula cha nazi hakisafiri. Mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, muhogo wa tui, wali wa nazi: vyote hivi huchacha upesi kwa joto la pwani, kama ajuavyo kila mpishi. Vijidudu hustawi katika joto kati ya nyuzi 5 na 60, na vingine huweza kuongezeka maradufu kwa dakika ishirini tu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Basi la saa nne usiku, na mbaazi zilizopikwa saa nane mchana, hilo ni jambo la kuliacha.

Pilau na wali kwa jumla vina hatari yao. Mchele mkavu huwa na mbegu za kijidudu ambazo haziuawi na kuchemsha. Wali ukiachwa ukapoa polepole kwenye sufuria, mbegu hizo huchipua na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto. Ndiyo sababu watu hutapika saa chache baada ya kula pilau ya jana ya arusi, kisha husema wamefanyiwa jicho.

Samaki pia. Jodari, nguru na vibua, wasipowekwa kwenye baridi tangu wanapovuliwa, hutengeneza kitu kinachomfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni, kichwa kimwume na moyo umwende mbio, mara nyingine ndani ya nusu saa. Hata kukaanga sana hakusaidii. Wengi hudhani wana mzio wa samaki. Samaki wa kukaanga aliyekaa kwenye karatasi tangu adhuhuri usimpakie.

Sasa vinavyofaa. Mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda yake, yaliyochemshwa jioni ile ile. Viazi vitamu au muhogo uliochemshwa kwa maji tu, ukapoa na kukaushwa vizuri. Boflo au chapati kavu isiyo na mafuta mengi. Ndizi, machungwa, mabalungi, yaani matunda yenye ganda lake ambalo unalimenya mwenyewe. Embe lililokatwa na kutiwa pilipili na chumvi na muuzaji wa dirishani silo. Korosho na njugu zisizo na chumvi, konzi moja. Tende nne au tano. Si kisanduku kizima, na mwenye kisukari azihesabu kama sehemu ya wanga wa mlo wake. Maziwa ya pakiti ambayo hayahitaji friji. Chai ya mkandaa yenye tangawizi kwenye chupa, sukari uibebe kando. Tangawizi husaidia baadhi ya wanaotapika garini, pamoja na kula kitu kidogo kikavu, maana kusafiri na tumbo tupu huzidisha kichefuchefu.

Mahamri? Nilijua mtaniuliza. Mahamri ni unga, sukari, nazi na mafuta. Yanavumilia safari kuliko mbaazi, sikatai. Kula mawili kwa chai isiyo sukari, si sita.

VYA KUNUNUA NJIANI

Msafiri aliyesahau kikapu si lazima alale njaa au ale chipsi. Ukifika Voi, kilomita 150 hivi kutoka pwani, na baadaye Mtito Andei, hoteli karibu zote zina ndengu au maharagwe, sukuma wiki au kabeji, ugali na chapati. Tatizo ni namna ya kuagiza. Sahani ya kawaida ya njiani ni mlima wa ugali, vipande vya nyama, na kijiko cha mboga pembeni kama pambo. Igeuze: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ndengu, maharagwe, samaki au nyama isiyo mafuta, na robo ndiyo ugali. Ukimwambia mhudumu "ongeza mboga, punguza ugali" atakutazama kwa mshangao, lakini atakuletea.

Chagua chakula kinachotoka jikoni kikifuka mvuke kuliko kilichowekwa ndani ya kabati la kioo lenye taa. Taa ile hupasha vuguvugu tu, na vuguvugu ndiyo hali vijidudu wanayoipenda. Mafuta ya kukaangia yatazame kabla hujalipa. Yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, na harufu yake inakukereketa koo, yamekwisha kutumika mara nyingi. Kachumbari ni nzuri kwa afya, lakini mboga mbichi zilizokatwa na kuoshwa kwa maji usiyoyajua ni za kuachwa. Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 kilifika kaunti nyingi, na kijidudu chake hupitia maji na chakula. Beba kipande cha sabuni. Vibanda vingi vina maji ya kunawa ila sabuni imekwisha.

Kwa anayesafiri kwa gari lake mwenyewe, kuna mahali ambapo siwezi kupataja bila kupasifu. Ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi katika reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakaribishwa kula bure: dengu, mboga, chapati, wali na chai. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa na wengine. Hakuna nyama, na mlo wa dengu na mboga ni bora kwa moyo kuliko vyakula vingi vinavyouzwa kwenye barabara ile. Ila chai yao ni tamu sana.

Kuanzia Makindu hadi Emali utaona machungwa na maembe barabarani kwa misimu yake. Nunua, yaoshe, ule. Watu wengi hununua gunia la kupeleka nyumbani na wao wenyewe hufika bila kula hata chungwa moja.

WENZETU WA MALORI

Kila lori la kontena linalotoka bandarini Kilindini kwenda bara kwa njia ya Makupa hupita Kibarani. Dereva wake anaweza kuwa anakwenda Malaba, Kampala, Kigali au Goma. Kwa miaka mingi, tulipozungumza juu ya afya ya madereva wa masafa marefu tulizungumza juu ya Ukimwi peke yake, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini dereva anayeketi saa kumi na mbili, anayekula mara moja usiku wa manane, anayelala masaa machache, yuko katika hatari ya presha, kisukari na kiharusi pia, na dereva wa tani nyingi akipatwa na kiharusi au sukari ikimshuka akiwa usukani, si yeye peke yake atakayeumia.

Wengi hutafuna miraa au muguka ili wasisinzie, na huteremshia soda. Miraa huzima njaa, hupandisha presha na kuuharakisha moyo. Dereva hajisikii kula mchana kutwa, dawa ikiisha nguvu njaa humrudia yote kwa pamoja, na hapo hula nyama choma ya watu wawili kisha akalala. Mgonjwa wa presha anayetafuna kila siku huniambia tembe hazimsaidii. Zitamsaidiaje?

Ninachowashauri ni kidogo na kinawezekana. Mlo wa kwanza uliwe kabla ya kuondoka yadi, si baada ya mizani ya Mariakani, kwa kuwa foleni hapo haitabiriki. Nimeona madereva wanaobeba jiko dogo la gesi na sufuria, wakipika uji, ndengu au maharagwe wakiwa wameegesha. Hao hula vizuri kuliko wenzao na hutumia pesa kidogo. Jiko lisiwashwe ndani ya kichwa cha gari wala karibu na lori la mafuta. Chupa ya lita tano ya maji iwe karibu na utingo, soda iwe ya siku za sikukuu. Kila gari likisimama, dakika kumi za kulizunguka kwa miguu. Usingizi ukikuzidi, egesha ulale nusu saa. Na presha ipimwe angalau mara moja kila safari mnaporudi Mombasa. Zahanati za Changamwe na mjini ziko karibu, na kipimo huchukua dakika tano.

TUMBO LIKIHARIBIKA

Hata aliyejihadhari anaweza kuharisha. Jambo la kwanza si kutafuta dawa ya kuzuia bali ni kurudisha maji. Pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji zinauzwa katika kila duka la dawa kwa bei ndogo, na mimi naona kila familia isafiri na pakiti tatu. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto apewe kwa kijiko baada ya kila choo, aendelee kunyonya au kula, na apewe tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14 kama muuguzi atakavyoelekeza. Dawa za kufunga tumbo wasipewe watoto kabisa.

Choo cha maji mengi kama maji ya mchele, damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, mtoto aliyelegea au ambaye macho yameingia ndani na hakojoi: hayo hayangoji Nairobi. Voi kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na Makindu pia ipo hospitali. Mwambie kondakta asimamishe gari, na uteremke na pakiti yako ukiendelea kumnywesha mgonjwa njiani.